Mama Sindano afumua neno moja

Mwanga wa asubuhi umeshaifikia meza ya cherehani, lakini mashine bado haijaguswa. Mama Sindano ameketi pembeni, tumbo limemtangulia, na juu ya tumbo hilo ametandaza ukanda wa kitambaa cheupe wenye upana wa vidole vitatu. Mkononi ana wembe. Anafumua.

Uzi mwekundu unakatika kwa mlio mdogo. Anaipuliza herufi aliyoitoa, nyuzi zinaangukia miguu yake iliyovimba, anahamia nyingine.

"Usinisemeshe kwanza," anasema bila kuinua kichwa. "Wembe hauna adabu. Ukiteleza, kitambaa kinapata dirisha."

Alipouanza ukanda huo aliutarizi maneno mawili: SICHOMWI PENISILINI. La pili litabaki. La kwanza ndilo linalomtoa jasho asubuhi hii, kwa sababu Alhamisi anatarajiwa kulazwa katika kituo cha afya kilicho karibu, ajifungue kwa upasuaji. Mtoto amelala kimshazari tumboni na amekataa kugeuka. Akiwa juu ya kile kitanda, mama huyu anataka jambo moja lisisahaulike hata kama mdomo wake utashindwa kulisema: dawa ya penisilini inaweza kumwua.

"Sasa neno lenyewe ndilo limekosewa," anasema. "Na nimelikosea mimi, mtarizi. Fundi wa maneno."

Mama Sindano ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Jina hilo si la kuzaliwa. Alipewa na wateja wa baraza hili, ambao humletea sweta za shule, makoti ya kazi na aproni za wapishi awatilie majina na nembo. Kazi yake hulipwa kwa herufi, kwa hiyo watu wenye majina marefu humwomba awafupishie, naye huwaambia wakamlalamikie aliyewabatiza.

Baraza analigawana na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni msusi. Upande mmoja kuna cherehani na mafungu ya nyuzi, upande wa pili kuna kioo kilichopasuka pembe na viti viwili vya plastiki. Fundi wa kufuli ambaye ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine, nao humtania kuwa mume wao wa pamoja, hupita asubuhi kuwasabahi na kwenda zake kabla hawajaanza kumchamba.

Wifi ananyoosha shingo kutazama ukanda.

"Watu wengine kikulacho ki nguoni mwao na hawakijui," anasema, chanuo likiwa limesimama katikati ya nywele za mteja. "Wewe chako umekiandika kabisa, na uzi mwekundu juu."

"Na bado nimekiandika vibaya, wifi."

"Basi huyo kikulacho ana bahati. Anakula bila kutajwa vizuri."

Kosa hilo lina historia ndefu kuliko ukanda.

Mama Sindano alipokuwa msichana mdogo aliugua koo, akapelekwa zahanati, akachomwa sindano. Kabla hawajafika nyumbani mwili mzima ulikuwa umeumuka vipele vikubwa vinavyowasha, macho yamebaki mstari. Walirudishwa mbio. Mhudumu aliyewapokea alimtazama mama yake na kumpa onyo moja: "Huyu asichomwe tena penisilini."

Mama yake alilishika onyo hilo kama wosia. Kila mtoto alipougua, kila walipokwenda kusalimia ndugu, alilirudia mbele ya shangazi, mbele ya mwalimu, mbele ya yeyote aliyekuwa na sura ya kushika sindano. Hachomwi penisilini. Hachomwi, mnasikia?

"Nikakua nikijua hivyo," anasimulia. "Nilijua kuna sindano moja duniani nimekatazwa. Sindano, basi. Hakuna aliyenitajia kidonge."

Kwa miaka mingi hilo halikuleta shida. Alimeza dawa za malaria, za minyoo, za kichwa. Dawa za jamii ya penisilini kwa bahati tu hakukutana nazo, au kama walikutana, walipishana njiani.

Mwaka jana, kabla ya mimba hii, sindano ya cherehani ilimpita kidoleni. Kwa fundi hilo ni jambo la kila siku. Unafyonza damu, unaendelea. Safari hii kidole kilivimba, kikang'aa, kikaanza kumpiga kama saa. Kulikuwa na sweta za shule nzima zinasubiri nembo.

Alikwenda duka la dawa. Muuzaji alimkagua kidole akamwuliza swali ambalo wauzaji wazuri huuliza: kuna dawa yoyote inayomdhuru?

"Nikamjibu, 'Mimi? Vidonge vyote nameza.' Na sikumdanganya. Nilikuwa namwambia ninavyojua." Anatikisa kichwa. "Alisema dawa, nikasikia kidonge. Mama alisema penisilini, nikasikia sindano. Watu tulikuwa tunaongea lugha moja, lakini kila mtu na kamusi yake."

Akapewa vile ambavyo watu wengi huviita vidonge vya rangi mbili. Ni amoksilini. Alimeza kimoja hapo hapo barazani, kwa maji ya kunywa ya wateja wa wifi, akarudi kwenye sweta.

Viganja vilianza kuwasha. Alidhani ni sufu ya sweta. Kisha akajikuna shingo, kisha masikio. Wifi ndiye aliyegeuka kumwomba kibanio akamwona.

"Nikamwambia, we wifi, midomo yako imekuwaje? Umekula nini bila mimi?" anakumbuka msusi huyo. Leo wanacheka. Siku ile hakucheka. "Akataka kunijibu, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nikamwacha mteja na nusu kichwa. Nilimbeba huyu mwanamke, na nyinyi mnamwona alivyo."

"Hukunibeba. Ulinikokota."

"Kwenye kituo cha afya uliingia umebebwa. Ya njiani mwachie Mungu."

Aliyewapokea ni muuguzi mkunga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye tangu siku hiyo ndiye anayemfuatilia. Pumzi ilikuwa inapita kwa shida. Muuguzi alimchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, akamlaza, akamwekea hewa, akambakiza chini ya macho yake mpaka kesho yake, maana mzio wa aina hiyo unaweza kutulia kisha ukarudi.

"Yaani nilikatazwa sindano maisha yangu yote," anasema Mama Sindano, "nikaponzwa na kidonge, nikaja kuokolewa na sindano. Na jina langu ndilo hilo. Ukiandika watu watasema umetunga."

Muuguzi huyo, akizungumza wakati wa mapumziko yake ya mchana, anasema mkanganyiko wa namna hiyo si wa mama mmoja. Watu wengi hudhani penisilini ni dawa moja, tena ya sindano.

"Penisilini ni ukoo," anaeleza. "Yule wa sindano ni mkubwa wao, ndiye aliyetangulia, ndiyo maana amebaki na jina la nyumba. Lakini ana ndugu. Amoksilini ni huyo wa rangi mbili, na kwa watoto huja kama unga wa kukoroga na maji. Ampisilini tunamtumia sana hapa kwetu, wa sindano yupo na wa kumeza yupo. Kloksasilini anapelekwa kwenye majipu na vidonda. Halafu kuna amoksilini aliyeozeshwa mwenza wa kumwongezea nguvu, na huyo sasa ana jina la kibiashara, ukisoma boksi kwa juu huwezi kujua ni wa ukoo huo. Mpaka usome yale maandishi madogo."

Anasema ukoo huo una sifa nzuri na watu wasiuogope bure. Unatibu vichomi, koo, masikio, vidonda, na wajawazito wengi huutumia kwa usalama. Maudhi yake ya kawaida ni tumbo kuchafuka, kichefuchefu, kuhara kidogo, na baadhi ya wanawake hupata muwasho wa fangasi. Hayo, anasema, mtu hurudi kuyaeleza, akasaidiwa. Kuhara kukizidi au kukiwa na damu, arudi haraka. Asiiache tu dawa njiani kimyakimya.

"Lakini ukiona vipele vya kuwasha vimeumuka mwili mzima, midomo au ulimi unavimba, kifua kinabana, au mtu anataka kuzirai, hilo ni jambo jingine. Hapo husubiri. Unakimbia. Na baada ya hapo, mtu huyo ukoo mzima haumhusu, mpaka mtaalamu aseme vinginevyo."

Kuna binamu pia, anaongeza, dawa za ukoo wa jirani ambazo kwa wengi wenye mzio hazina neno, ila kwa mtu aliyefikia kukosa pumzi daktari huzifikiria mara mbili. Kwa upasuaji wa Mama Sindano wameshapanga kutumia dawa ya ukoo mwingine kabisa. Imeandikwa kwenye faili lake.

Faili, hata hivyo, halikumtuliza. Anajua mambo ya karatasi. Wateja humletea majina yameandikwa, naye hukuta herufi mbili zimekosewa. Ndipo alipokata ukanda, akaukaza kwenye fremu yake ya duara, akatarizi onyo la kufunga mkononi. Alipoupeleka kliniki, muuguzi aliusifu, akaugeuza kutazama upande wa nyuma kama wanawake wanavyofanya kukagua kazi, kisha akaurudisha upande wa mbele akausoma.

"Akaniuliza, 'Mama, umeandika huchomwi. Kumeza je?'" anasimulia. "Nikajihisi mjinga. Mimi ndiye niliyemeza! Mkono ulitarizi maneno ya mama yangu kabla kichwa changu hakijayasoma."

Ndiyo sababu ya wembe asubuhi hii.

Hakutaka kuanza ukanda mpya. Akasema kilichoharibika kitatengenezwa pale pale kilipoharibikia. Amefumua C, amefumua H, O na M. Zimebaki S na I mwanzoni, W na I mwishoni, na katikati pengo lenye matundu madogo ya sindano ambayo hayatazibika. Anachora kwa chaki. Katika nafasi ya herufi nne anaingiza mbili, P na E, na ili zisionekane zimepotea njia, anazinenepesha.

SIPEWI PENISILINI.

Wifi anakuja kuangalia, mikono imejaa mafuta ya nywele, kwa hiyo anatazama kwa mbali.

"Hizo mbili za katikati nazo zina mimba?"

"Zimenona. Zimefanana na mwenye mali."

"Angekuwa mteja ungemrudishia pesa ya herufi mbili."

"Angekuwa mteja," anasema Mama Sindano akiuma uzi, "ningemwongezea ya kufumua."

Alhamisi inapita vizuri kuliko alivyoiogopa.

Alikuwa amejiandaa kulala usingizi wa dawa, asijue kinachoendelea. Badala yake anaelezwa kwamba atachomwa ganzi ya mgongoni na atabaki macho. Kabla ya kisu, wahudumu wote wanasimama, anaulizwa jina lake, anaulizwa amekuja kufanyiwa nini, anaulizwa ni dawa gani inamdhuru. Anajibu kwa sauti iliyowafanya wacheke nyuma ya barakoa zao. Muuguzi mkunga yuko hapo. Ukanda umebanwa juu ya faili, maana huko ndani kitambaa cha nyumbani hakiingii mkononi. Dawa inayopita kwenye mpira wa mshipa ni ile ya ukoo mwingine.

Mtoto wa kiume analia kabla hajatolewa miguu.

"Nikasema basi, yamekwisha," anakumbuka. "Nilikuwa nimeiogopa ile meza tu. Baada ya meza sikuwa na hofu tena."

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wake hayuko zamu. Wodi imejaa, kitanda chake kinasubiriwa, wifi ameshakunja shuka na kuzitia kwenye mfuko. Mama Sindano anatembea taratibu, mkono mmoja umemshika mtoto, hadi dirisha la dawa. Faili limebaki wodini. Alichopewa ni kikaratasi cha dawa za nyumbani, kile kile wanachopewa akina mama wote waliopasuliwa siku hizo.

Nyuma ya dirisha kuna kijana mpole wa kutoa dawa. Anasoma kikaratasi, anahesabu, anafunga bahasha. Anaeleza hizi za maumivu, hizi za kuongeza damu, hizi za kuzuia kidonda kisiingie usaha. Anapitisha mfuko.

Mama Sindano ananyoosha mkono kupokea. Ni mkono ambao wifi aliufunga ukanda tena asubuhi ile, kwa mapambo tu, alisema, usije ukafuliwa na mashuka.

Kijana anaanza kuachia mfuko, kisha anaushikilia. Kwa muda wameushika wote wawili.

"Mama, hapo mkononi pameandikwaje?"

"Soma, baba. Nimeziandika kubwa."

Kijana anasoma. Anauvuta mfuko ndani, anafungua bahasha ya tatu, anamwagia yaliyomo kwenye kiganja. Vidonge vya rangi mbili.

Alivirudisha ndani ya bahasha. Kisha kijana akaomba wasubiri, akatoka na kikaratasi kwenda wodini, akarudi na daktari aliyekuwa na faili mkononi. Dawa ikabadilishwa. Daktari aliomba radhi. Onyo lilikuwamo ndani ya faili, sehemu ya upasuaji. Halikuwa limefika kwenye kikaratasi.

Kabla hawajaondoka kijana aliutazama ukanda tena.

"Hizi herufi mbona mbili ni nene?"

"Hapo palikuwa na neno jingine," Mama Sindano akamjibu. "Palikuwa pameandikwa 'sichomwi'."

Kijana alifikiri.

"Kama lingebaki hilo, mama, ningekupa," alisema. "Maana hivi havichomwi."

Leo barazani cherehani inanguruma tena, ingawa fundi bado hakai kwa muda mrefu na hacheki kwa nguvu, kwa ajili ya mshono. Mtoto analala kwenye kapu la nyuzi lililotandikwa blanketi, hatua chache kutoka kwa wateja wa nywele ambao wote hutaka kumshika na wote hunyimwa hadi wanawe mikono.

Jambo lililomhangaisha zaidi aliporudi lilikuwa ni kama mtoto naye amerithi. Alikwenda kuuliza. Muuguzi alimwambia hapana, mzio wake si jina la ukoo la kumpa mtoto. Siku akiugua atatibiwa kama mtoto mwingine yeyote, ila mama atoe taarifa na akae karibu amwangalie. Dada mkubwa wa mtoto huyo, msichana wa shule ya msingi, ameshawahi kunywa amoksilini ya unga alipougua masikio, naye hakupata lolote zaidi ya kulalamikia utamu wake.

Habari ya dirisha la dawa imezunguka. Wanawake wamekuja kutaka ukanda kama wake, na hiyo ndiyo kazi mpya anayopanga kuiweka karibu na nembo za shule. Muuguzi mkunga amemuunga mkono kwa sharti moja, na sharti hilo Mama Sindano analisimamia kama mlinzi wa getini.

Asubuhi hii yuko mmoja, mwuza mboga, ameleta kitambaa chake mwenyewe.

"Niandikie kama wako, dada. Mimi na amoksilini hatupatani."

"Ilikufanyaje?"

"Iliniharisha."

"Ulivimba? Uliwashwa mwili? Pumzi?"

"Hapana. Tumbo tu, siku mbili."

Mama Sindano anamrudishia kitambaa, amekikunja vizuri.

"Hiyo ni dawa imekuudhi. Mimi ilitaka kunizika. Nenda kwanza kwa muuguzi umweleze kama ulivyonieleza mimi. Akisema nikuandikie, rudi nacho kitambaa chako hapa hapa. Nikikuandikia leo, kesho ukapata kichomi, watakunyima dawa inayokufaa kwa sababu ya uzi wangu."

"Makubwa," anasema mwuza mboga. "Fundi anafukuza wateja."

"Zoea," anasema wifi kutoka upande wa pili. "Siku hizi ana mtihani wa kuingia."

Mpango wake ni kutengeneza kanda hizo kwa rangi moja inayojulikana, nyeupe kwa nyekundu, na kila mmoja aende na wake kwa muuguzi ukasomwe kwa sauti kabla ya kufungwa mkononi. Anataka usomwe na mtu asiyemjua mwenye nao. Hilo, anasema, amejifunza kwa wembe: neno unalolielewa wewe peke yako bado hujaliandika.

Mtoto anajinyoosha kapuni. Kichwani ana kofia ya sufu ya manjano, haina jina, haina ua, haina hata mstari. Wateja wanaona ajabu. Mtoto wa mtarizi na kofia tupu, kama duka la mwokaji lisilo na mkate.

"Kila siku wananiuliza," anasema Mama Sindano. Anaiweka sawa kofia hiyo, anaivuta hadi kwenye masikio. "Nawaambia huyu bado hajakatazwa kitu. Nimemwachia nafasi."